Kitambaa cha Kiriaini Mbele ya Flashi

Kitambaa kile kilikuwa cha kijani. Nianze hapo, kwa sababu kuna watu hapa Nyeri ambao mpaka leo wakinikuta sokoni huniuliza kama nimeshapimwa macho. Kilikuwa cha kijani, kijani kizito cha lile jani la chai lililokomaa ambalo mchumaji huliruka. Nilikiona kwa macho yangu mawili, nikakishika, nikakinyoosha begani pa mwenye kukivaa. Kisha nikakipiga picha, na picha ikarudi kutoka Nairobi kitambaa kikiwa kahawia.

Nyinyi vijana rangi ikiwakosea mnaitelezesha kwa kidole mpaka ikubali. Nimewaona. Mnamfanya bwana harusi wa Gatitu ang'ae kama ametoka kiwandani, na mama yake mzazi anabaki kuuliza yule ni nani. Mimi sikuwa na kidole cha namna hiyo. Nilikuwa na filamu, taa mbili za flashi, mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga, na subira, ingawa hiyo ya mwisho haikutosha kila mwezi.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya uvivu wa kutembea. Nilipomaliza kidato cha nne wenzangu walienda Nairobi kutafuta maisha. Mimi nikasema maisha yakinitaka yatanikuta nyumbani. Mzee Abdalla, mtu wa Majengo, alikuwa na studio karibu na soko na alitaka mtu wa kumshikia mlango.

"Unaweza kukaa?" akaniuliza.

"Kukaa tu?"

"Kukaa. Ujibu wateja, usizurure."

Sijawahi kuulizwa swali la kazi ninaloliweza vizuri kama lile. Nilikaa mpaka nikajifunza kupakia filamu, nikakaa mpaka nikajifunza taa, nikakaa mpaka yeye akazeeka na kuniachia studio, na watu wakasahau jina nililobatizwa wakaniita Mama Studio.

Ukutani tulikuwa na pazia lililochorwa Mlima Kenya. Basi mjue kwamba wachukuzi wa Naro Moru, wale wanaobeba mizigo ya wageni mpaka juu kwenye barafu, walikuwa wakija Nyeri kupigwa picha mbele ya mlima wa kitambaa. Nikawauliza mbona. Mmoja akasema, "Mama, ule wetu ukitaka kupiga picha unajifunika mawingu. Huu wako umetulia." Kisha akasogea, akauangalia vizuri, akaniambia theluji imechorwa upande usio wake. Sikubishana. Mimi huo mlima nimeupanda mpaka dirishani kwangu, sijapita hapo.

Kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kwamba flashi haioni kama sisi. Nilifundishwa na kwaya. Walikuja wanaume wa kanisa fulani wamevaa mashati meupe, weupe wa kuumiza macho, nikawapanga, nikawapiga. Picha ziliporudi nusu yao mashati yalikuwa ya samawati kama mbingu ya Januari, na nusu yalikuwa meupe. Mwalimu wa kwaya akadhani nimefanya ubaguzi wa sauti, maana kwa bahati mbaya waliogeuka wengi walikuwa wa besi. Mzee Abdalla hakuuliza habari za kamera. Aliuliza, "Nani anafua na sabuni ya unga na nani anafua na ya mche?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ikawa hivyo hasa. Ile sabuni ya unga inayoahidi weupe kupita weupe inaacha dawa kwenye uzi, na flashi ina mwanga mkali wa upande wa zambarau ambao jicho haliuoni. Dawa ile inaunywa mwanga huo na kuutema ukiwa samawati. Tangu hapo tukabandika mlangoni kibao: SHATI NYEUPE IFULIWE NA SABUNI YA MCHE. Watu walikuwa wanakisoma na kuniuliza kama hii ni studio ama ni dobi. Baadaye tulipata karatasi ya njano hafifu ya kuweka mbele ya taa, ikasaidia, lakini kibao hakikutoka. Nilikuwa nimekipenda.

Ndiyo sababu nilipokutana na kile kitambaa cha kijani nilifikiri ninajua kila kitu.

Kulikuwa na msichana anaitwa Nyambura, mtoto wa mkulima mmoja wa kahawa upande wa Gatitu. Walikuwa wamemfanyia ngurario, ile siku ya kukata bega la mbuzi, ambapo kwa mila ya Kikuyu mtu ameshaolewa hata kama kanisa bado linasubiri. Siku zile familia ikimaliza ngurario, kesho yake baada ya ibada wanawake wa upande wa bibi harusi walikuja studio na sare yao wapigwe picha ya kutundika sebuleni. Sare ni jambo zito huku kwetu. Ukipewa kitambaa, wewe ni wa nyumba. Usipopewa, unaambiwa karibu chakula.

Walikuja wakajaza chumba. Nyambura katikati na gauni la rangi ya chungwa, wengine wote kijani kile. Kulia kwake alikaa mama yake, Wangeci. Kushoto alikaa shangazi yake, dada ya baba, ambaye sote tulimwita Tata Muthoni, mwanamke wa Kiriaini mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Nilipiga flashi, wakalia "ui!" kama kawaida, wakaenda. Filamu nikaiweka kwenye basi la vifurushi iende maabara Nairobi.

Picha zikarudi baada ya wiki hivi. Wangeci, Tata Muthoni na Nyambura walikuja kuzichukua pamoja. Mimi nilikuwa nimeshaziona, na nilikuwa nimezigeuza kifudifudi mezani kama mtoto anayeficha ripoti ya shule.

Tata ndiye aliyegeuza. "Mama Studio! Hii ni nini? Nani alimwagia huyu chai?"

Wanawake wote walikuwa kijani. Wangeci peke yake, pale pale kando ya bibi harusi, alikuwa kahawia. Si kahawia ya kubahatisha. Kahawia ya udongo uliolowa.

"Lakini nilivaa kama nyinyi," Wangeci akasema polepole.

"Ulivaa kama sisi! Si mimi nilikuona?"

"Sasa mbona picha inasema hapana?"

Hapo mwanamke mwenye akili angenyamaza. Mimi nikauliza, "Vitambaa vyote vilitoka jora moja?"

Tata akasema jora la dukani Nyeri liliisha kabla ya mtu wa mwisho, kwa hivyo alibeba kipande hadi Kiriaini, soko la kwao, akatafuta mpaka akapata kinachofanana. "Nilitoka nayo nje kwa jua. Nililinganisha mpaka mwenye duka akaniuliza kama ninanunua kitambaa ama ninanunua shamba."

"Basi!" nikasema, nimefurahi kama mtu aliyepata jibu la hesabu. "Ni jora lingine. Jicho haliwezi kuona tofauti, lakini filamu imeona!"

Nilisubiri wanipongeze.

Wangeci akaiweka picha chini. "Kwa hivyo ni kweli. Yangu ilikuwa ingine."

"Wewe ndio ulichelewa kupimwa," Tata akasema, na sauti ile kubwa ilikuwa imepungua.

"Nilichelewa kwa sababu nilikuwa ninapikia watu wenu."

Niwaeleze, maana mimi pia nilielezwa baadaye na mtu wa jirani yao. Wangeci hakumzaa Nyambura. Aliyemzaa alifariki mtoto angali wa kubebwa mgongoni. Wangeci aliolewa akaingia nyumba ile, akamchukua mgongoni kwake, na Mungu hakumpa mwingine. Gatitu nzima walimwita Mama Nyambura. Lakini mnajua jamaa. Kukiwa na amani wewe ni Mama Nyambura. Kukiwa na ugomvi kidogo wa mpaka wa shamba, unakumbushwa ulikuja ukiwa na sanduku.

Wangeci akajifunga leso vizuri, akamwambia Tata, "Siku ya kanisa ukae wewe kwa kiti cha mama. Mimi nitakaa na wageni. Picha imesema."

"Mami, ni picha tu!" Nyambura akasema.

"Ndio. Na hakuna mtu aliyeiambia mimi si wa nyumba." Akatoka.

Harusi ya kanisani ilikuwa imebaki majuma machache. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kukaa nisizurure, nilikuwa nimemtoa mama kwenye kiti chake kwa kubonyeza kitufe.

Nyambura aliniletea gauni la Wangeci na la Tata siku iliyofuata, nikayatundika kwenye waya sambamba. Nikabadilisha filamu, nikaweka ya aina nyingine. Nikaweka ile karatasi ya njano mbele ya taa. Nikatoa mwavuli. Nikayatoa magauni uani kivulini, bila flashi kabisa, mimi na baridi yangu. Kila kitu kikaenda Nairobi, na kila kitu kikarudi na jibu moja. Uani kahawia ilipungua kidogo. Ndani kwa flashi ilisimama wima kama askari. Gauni la Tata halikutikisika hata mara moja.

Mzee Abdalla alikuwa ameshastaafu lakini hakuwa ameacha kuja. Alikaa kwenye benchi la wateja na kikombe cha kahawa chungu, akitafuta makosa. Nikamwonyesha zile picha. Hakushangaa.

"Nilimpiga picha mke wangu siku ya Idi," akasema. "Buibui nyeusi tii. Ikatoka rangi ya zambarau lililoiva. Hakunipikia mpaka nikamnunulia ingine."

"Na hiyo ingine?"

"Ikatoka nyeusi. Nikamwambia aione mwenyewe, si mimi nina kasoro, ni kitambaa."

"Lakini kwa nini, Mzee?"

Akainua kidole, akakipitisha hewani kama anafuata upinde wa mvua. "Wewe unaona kutoka hapa mpaka hapa. Hapa mwisho ni nyekundu. Ukifika, unasema imeisha. Nani alikuambia imeisha? Wewe ndio umeisha. Nyekundu inaendelea. Filamu inaenda nayo mbele hatua moja, halafu na yenyewe inachoka. Kuna rangi za kiwandani zinarudisha huo mwanga wa mbele, na kuna ambazo hazirudishi. Kwako wewe zote ni kijani."

"Basi hiyo kahawia nitaitoaje?"

"Huitoi. Iko."

Akanywa kahawa yake. Mimi nikabaki nimekaa kwenye stuli nikiangalia magauni mawili kwenye waya. Vijana, sijui kama nitaweza kuwaeleza. Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka mingi nikiamini ninapiga picha ya kilichopo. Nikasogea mpaka pua ikagusa kitambaa. Kijani. Kile kingine, kijani. Na wakati ule ule, mbele ya uso wangu, kimoja kilikuwa kinatoa mwanga ambao sikuumbiwa kuuona, mchana kweupe, bila kujificha. Nikageuza macho dirishani. Mlima ulikuwa wazi asubuhi ile, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza una rangi gani. Si ninayoiona mimi. Yake. Vinyweleo vikanisimama mikononi, nikavuta sweta, nikajifanya ni baridi.

Nyambura alipokuja kuuliza, nikampa njia niliyokuwa nayo. "Kuna fundi Nairobi anaweza kupaka rangi juu ya picha kwa brashi. Atamgeuza mama yako awe kijani."

"Ati Mami apakwe?" Akanikazia macho. "Ili ndio afanane na watu? Hapana."

Akatembea mpaka kwenye waya, akashika gauni la Wangeci kwenye mkono, akalisugua kati ya vidole. "Mama Studio. Hii kahawia ni ya kitambaa ama ni ya mtu?"

"Ya kitambaa."

"Hata mimi nikivaa?"

"Hata chifu akivaa."

Alipanda gari akaenda Kiriaini. Akarudi siku chache baadaye na gauni jipya la kijani ndani ya mfuko, limeshonwa mbio mbio mpaka upindo ulikuwa bado una uzi wa kushikizia. Mwenye duka alikuwa na kipande kilichobaki. Alimwapia kwamba ni jora lile lile.

"Wenye maduka huapa," nikamwambia. "Kata kipande, tupige tujaribu kwanza."

"Filamu iende irudi, halafu ingine iende irudi? Nitakuwa nimeshaolewa na Mami ameshakaa na wageni. Tupige sasa."

Sasa nisikilizeni mwone shida ilivyokuwa. Kama kitambaa kile si cha jora la Wangeci, Nyambura angetoka kijani kama Tata, na Wangeci angebaki kahawia peke yake mara ya pili. Na kwa jicho hakuna mtu duniani angeweza kutuambia. Tata hangeweza, mwenye duka hangeweza, hata mimi na miaka yangu yote sikuweza. Tulikuwa tunabahatisha moyo wa mtu kwa kitu kisichoonekana.

Alimleta mama yake kwa kumdanganya kidogo, ati lazima achukue gauni mwenyewe. Tata aliitwa pia, aje avae lake. Wangeci alipoingia akamkuta binti yake amevaa kijani.

"Na wewe umeshona sare?"

"Nimeshona. Vaa yako tupigwe tatu tu."

"Mimi nimeshapigwa. Nikaonekana."

"Mami, vaa. Kwa ajili yangu."

Alivaa. Alivaa akiangalia sakafu, kama mtu anayekubali dawa. Niliwapanga, Nyambura katikati. Hapakuwa na "ui". Hata Tata alikuwa mnyonge, na mjue alikuwa mtu mwema, yule aliyetoka na kitambaa juani ni mtu mwema. Nikainama kwenye kamera. Nikaona wanawake watatu wa kijani, sawasawa kabisa, kama majani ya tawi moja. Nikajua kuwa mbele yangu pale jibu liko tayari, limesimama, linapumua, na mimi kipofu. Nikabonyeza. Taa zikalipuka. Filamu ikajua. Sisi wanne tukabaki tunapepesa macho.

Bahasha ilipofika nilituma neno Gatitu. Nyambura alikuwa amenikataza kuifungua, na mimi, nakiri, niliiinua tu kwenye mwanga wa dirisha, lakini maabara ile ilitumia bahasha nene. Walipofika wote watatu nikamkabidhi Nyambura. Akampa Tata. Tata akasema yeye haguswi na mambo hayo, akanirudishia mimi. Mwishowe Wangeci akaichukua, akaipasua upande mmoja kwa kidole gumba, akaitoa picha.

Akaiangalia muda mrefu.

Nilisogea nyuma ya bega lake. Tata Muthoni alikuwa amesimama upande wake, kijani, peke yake. Na kando yake wawili, bega kwa bega, rangi moja ya udongo uliolowa, hata pale mikono yao ilipogusana huwezi kusema nguo ya mmoja inaishia wapi na ya mwingine inaanzia wapi.

"Ngai!" Tata akapiga makofi. "Sasa mimi ndio nimekuwa mgeni?"

Wangeci alipitisha kidole kwenye picha, kutoka begani kwake hadi begani kwa Nyambura, kisha akarudi. Mimi nilimwona mwanamke yule akitafuta tofauti, kama watu wote walivyomtafutia maisha yake yote, na asiipate.

"Hii kitambaa uliitoa wapi?"

"Kiriaini," Nyambura akasema. "Nilitaka ile yako."

"Nyambura." Akamwinulia picha karibu na uso, kama anayeonyesha mtu mwenye macho mabovu. "Angalia. Tumefanana."

Nyambura akaitikia kwa kichwa.

Wangeci akaifunga picha ndani ya leso, akaikunja mara mbili, akaiweka kifuani. Alipofika mlangoni akageuka.

"Muthoni," akasema, "ile kiti ya mbele kanisani, usinikalie."

"Nani alikuwa anaitaka?" Tata akasema, akipangusa macho kwa mkono wa gauni lake la kijani. "Imekuwa ikikungoja wewe."